Mzigo Uliofika Pwani

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya juma hili: Mwanzo 50:22–26; Kutoka 13:19; Yoshua 24:32; Matendo 15:36–41; 2 Timotheo 4:9–11; Marko 10:35–45; 2 Wakorintho 8:16–21; Waebrania 11:22.

Fungu la kukariri: Waebrania 11:22. Likariri kutoka katika Biblia yako, na ulisome pamoja na fungu linalolitangulia.

Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, karibu kila kitu kilichoingia au kutoka katika mji ule kilipita juu ya bega la mtu. Pembe za ndovu zilishuka Bagamoyo mabegani. Nguo, shanga na nyaya za shaba zilipanda kwa njia ileile. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba kilo 30 hivi, siku baada ya siku, kwa miezi. Na katika njia hiyohiyo walipita watu wasiokuwa wapagazi wa kuajiriwa: mateka, wakipelekwa pwani kuuzwa.

Mwezi Oktoba 1873 msafara mmoja ukitokea kusini uliingia Unyanyembe, nchi ambayo Tabora ilikuwa kitovu chake. Mzigo wake mmoja haukuwa bidhaa. Ulikuwa mwili wa Daktari David Livingstone, aliyefariki tarehe 1 Mei mwaka huo katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Waliouchukua hawakuamriwa na mtu yeyote kufanya hivyo. Aliyewaajiri ndiye aliyekuwa ndani ya mzigo.

Mtumishi akifanya kazi vizuri mbele ya bwana wake, hilo halishangazi sana. Lakini ni kiongozi wa namna gani ambaye watu wake huendelea kuwa waaminifu wakati hawezi tena kuwalipa, kuwasifu wala kuwakaripia? Na uaminifu wa namna hiyo huanzia wapi?

Jifunze lesoni ya juma hili ili kujiandaa kwa ajili ya Sabato ijayo.

JUMAPILI
Waliokimbia Wakapokelewa

Soma Matendo 15:36–41 na 2 Timotheo 4:9–11. Ni jambo gani lililobadilika katika mawazo ya Paulo kumhusu Marko kati ya mafungu haya mawili?

Livingstone aliondoka pwani mwaka 1866 akiwa na watu wapatao 60. Haukupita muda mrefu wengi wakawa wamemwacha. Watu wa kisiwa cha Nzwani, katika Komoro, walirudi Unguja wakatangaza kwamba ameuawa. Habari ile ilikuwa ya uongo, lakini ilifika hadi Uingereza, na ikalazimu kundi la watu kutumwa kuchunguza.

Ndipo ikaja Aprili 1868. Walikuwa Kabwabwata, na Livingstone alitaka kuelekea kusini kwenye ziwa Bangweulu. Watu wake walikuwa wamechoka. Wengi walikataa, na miongoni mwa waliokataa walikuwamo Susi na Chuma, wale wawili ambao majina yao leo hayatajwi pasipo neno “waaminifu” kutangulia. Livingstone akaenda na watu watano tu.

Aliporudi miezi kadhaa baadaye, wale waliogoma wakaomba kurudi kazini. Akawapokea. Katika shajara yake alieleza sababu kwa unyofu: aliona kwamba walichoka, kwamba walijua anawategemea, na kwamba hata watu waliosoma kuliko wao wangeweza kutumia nafasi hiyo vibaya. Akaongeza kwamba naye ana makosa yake.

Hakuwa mtu mpole siku zote. Wazungu wenzake waliosafiri naye Zambezi, miaka ya 1858 hadi 1864, walilalamika sana juu ya ukali wake na ukimya wake. Kwa hiyo kusamehe huku hakukutoka katika tabia laini ya kuzaliwa. Kulitoka kwa mtu aliyejipima kwanza mwenyewe.

Paulo alikataa katakata kumchukua Marko mara ya pili. Barnaba akamchukua, na gharama yake ilikuwa kuvunjika kwa safari ya pamoja. Miaka ikapita, na Paulo, akiwa gerezani na karibu na kifo, akaomba aletewe Marko yuleyule, kwa kuwa anafaa kwa utumishi. Barnaba hakuandika waraka hata mmoja katika Agano Jipya. Lakini bila ya Barnaba, je, tungekuwa na Injili inayoitwa kwa jina la Marko?

Katika kanisa lako, mtu aliyeanguka au aliyeacha kazi aliyopewa huchukua muda gani kabla ya kuaminiwa tena? Nani hukata shauri hilo, na kwa kupima nini?

JUMATATU
Miezi Mitano Kwihara

Soma Zaburi 27:13, 14 na Maombolezo 3:25, 26. Kungoja kunatofautianaje na kukaa bure?

Tarehe 14 Machi 1872, Henry Stanley aliagana na Livingstone karibu na Tabora, akaelekea pwani. Aliahidi kumtumia watu na vifaa. Livingstone akabaki katika tembe la Kwihara, nyumba ambayo leo imetengenezwa kuwa makumbusho. Aliobaki nao katika wale wa zamani walikuwa watano: Susi, Chuma, Hamoydah, Mabruki na Gardner.

Wakati ule njia haikuwa salama. Mtemi Mirambo wa Urambo alikuwa vitani na Waarabu wa Unyanyembe tangu mwaka uliotangulia. Hakuna aliyejua kama watu wa Stanley wangefika. Machi ikaisha, ikaja Aprili, ikaja Mei. Siku ya kwanza ya mwezi huo wa Mei, mwaka mmoja kamili kabla ya kufa kwake, Livingstone aliandika humo barua kwa gazeti la New York akilaani biashara ya utumwa. Maneno kutoka katika barua hiyo yamechongwa juu ya jiwe la kaburi lake huko London.

Katikati ya Agosti watu 57 wakafika. Miongoni mwao walikuwamo vijana waliosomeshwa shule ya misheni ya Nasik, nchini India, baada ya kuokolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa utumwa. Mmoja wao, Myao, aliitwa Jacob Wainwright. Tarehe 25 Agosti msafara ukaondoka.

Wale watano wangeweza kuondoka katika miezi ile. Mlango wa tembe ulikuwa wazi, na Tabora ilijaa misafara iliyohitaji watu wenye uzoefu. Wawili kati yao walikuwa wamekwisha kugoma mara moja. Safari hii walikaa.

JUMANNE
Masanduku Yaliyofunguliwa Mbele ya Wote

Soma 2 Wakorintho 8:16–21. Kwa nini Paulo, mtume aliyeheshimika, hakutaka kubeba peke yake mchango wa makanisa?

Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, kijana Majwara alimwamsha Susi. Daktari alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, uso ukiwa mikononi, naye amekwisha kufa.

Kilichofuata hakitajwi sana mahubirini, ingawa ni cha thamani kubwa kwa yeyote aliyekabidhiwa ofisi ya kanisa. Susi na Chuma waliwakusanya watu wote. Wakawaambia kwamba masanduku yatafunguliwa mbele yao, ili wote wawe mashahidi na wote wawajibike. Jacob Wainwright akaandika orodha ya kila kitu kilichokuwamo: fedha, vitabu, vyombo vya kupimia, karatasi. Walikuwa mbali na pwani kwa mwendo wa miezi. Hapakuwa na mkaguzi wala balozi. Vitu vichache kutoka katika masanduku yale vingeweza kupotea njiani, na nani angejua?

Baada ya hapo ndipo watu wakawaomba Susi na Chuma wawe viongozi wao, wakaahidi kuwatii. Angalia mpangilio huo. Uwazi ulitangulia, utii ukafuata. Mara nyingi kanisani hujaribiwa kinyume chake: mtu hudai kwanza aheshimiwe, kisha hushangaa akiulizwa habari za vitabu vya hesabu.

Mtemi Chitambo naye anastahili kutajwa. Mwanzoni wageni walimficha habari za kifo, wakiogopa kutozwa faini kubwa. Alipojua, hakuwakasirikia. Aliwashauri wamzike palepale, na walipokataa, akaja na watu wake kuomboleza pamoja nao kwa heshima zote za mtu mkubwa.

Moyo na viungo vya ndani vikazikwa chini ya mti, na Jacob akasoma ibada ya mazishi kutoka katika kitabu chake cha sala. Mwili ukatiwa chumvi na kukaushwa juani kwa siku 14. Ukafungwa kwa kitambaa, ukawekwa ndani ya gamba la mti, ukashonewa turubai na kupakwa lami. Kisha ukafungwa kwenye mti mmoja ili watu wawili waweze kuubeba.

Soma Marko 10:42–45. Katika misafara ya Wanyamwezi aliyetangulia mbele aliitwa kirangozi, naye kwa kawaida alikuwa na mzigo begani kama wengine. Linganisha kiongozi huyo na yale ambayo Yakobo na Yohana walikuwa wakiomba.

JUMATANO
Shauri la Unyanyembe

Soma Mwanzo 50:24–26. Yusufu aliwaapisha ndugu zake kufanya jambo gani, na walikuwa na uwezo gani wa kulitimiza wakati ule?

Safari ilianza vibaya. Siku chache tu baada ya kuondoka, ugonjwa uliangusha watu wengi, na msafara ukasimama kwa muda wa mwezi mmoja hivi. Wakavuka Luapula, wakazunguka Bangweulu, wakapanda kaskazini kwa njia ya kusini-mashariki mwa ziwa Tanganyika. Wanawake walikuwamo, kina Halima mpishi na Ntaoeka, nao walitembea njia yote hiyo, ingawa picha nyingi za kale huwaacha nje.

Lesoni haiwezi kupita kimya juu ya kijiji cha Chawende. Huko kuliibuka ugomvi kati ya msafara na wenyeji. Bunduki zikatumika, watu wakafa na nyumba zikateketezwa. Mwili wa mtu aliyesifiwa kwa kutembea katikati ya mataifa kwa amani ulipita hapo kwa damu. Uaminifu katika jambo moja haufanyi kila tendo la mwaminifu kuwa jema, na Biblia yenyewe haijawahi kuwaficha watu wake, kuanzia Nuhu hadi Petro.

Oktoba wakafika Unyanyembe. Huko walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Homa ilikuwa imemdhoofisha sana, na macho yake yalikuwa yanamsumbua. Yeye ndiye ofisa wa kwanza wa Kiingereza waliyekutana naye tangu kifo, na alikuwa na ushauri wa busara: mbele kuna hatari, hasa Ugogo, na watu wa njiani hawapendi maiti kupita katika nchi yao. Mzikeni hapa.

Kwa hesabu ya kawaida, kazi yao ingeweza kuisha hapo. Wangepokea shukrani, wangepumzika chini ya miembe, na lawama kama ipo ingekuwa ya Cameron. Kukubali amri ya mkubwa ni kichaka kizuri cha kujificha. Lakini wale watu walikataa. Walikuwa wameamua kumfikisha kwa watu wake, na hawakuona kwamba cheo cha aliyewashauri kilibadilisha jambo hilo. Cameron hakuwalazimisha.

Uongo wa watu wa Nzwani ulikuwa bado haujasahaulika. Wapagazi wakifika pwani mikono mitupu na kusema “amekufa, tumemzika”, nani angewasadiki mara ya pili? Basi walibeba ushahidi, si heshima peke yake.

Hata baada ya hapo njia haikunyooka. Kasekera, mwendo kidogo mashariki ya Unyanyembe, wenyeji wakakataa kabisa maiti isipite. Wasafiri wakatangaza kwamba wamekubali, nao wanairudisha Unyanyembe ikazikwe. Wakafunga matita ya mabua kwa umbo la maiti, na watu sita wakaondoka nayo kwa huzuni ya kuigiza; usiku wakayatupa mabua porini na kurudi kwa kujificha. Mwili wenyewe ukafungwa upya kama robota la nguo na kuendelea kwenda pwani.

Ni hila, na msomaji hucheka kabla hajafikiri. Wapo wanaoitetea kwa kumtaja Rahabu. Lakini Waebrania 11:31 humsifu Rahabu kwa imani yake na kwa kuwapokea wapelelezi. Fungu hilo halisemi neno la kuusifu uongo. Darasa lijadili jambo hili bila haraka ya kuwahukumu watu waliokuwa wamebeba mzigo huo miezi sita.

ALHAMISI
Mifupa ya Yusufu

Soma Kutoka 13:19, Yoshua 24:32 na Waebrania 11:22. Kati ya matendo yote ya Yusufu, kwa nini mwandishi wa Waebrania alichagua hili?

Hapa Mwadventista aweza kuuliza swali la haki. Kama wafu hawajui neno lolote (Mhubiri 9:5), mwili wa mtu una haja gani kubebwa? Livingstone hakujua kama alikuwa Kwihara au London. Yusufu naye hakujua kama alikuwa Misri au Shekemu.

Ni kweli, na ndiyo maana agizo la Yusufu lina nguvu. Hakuomba kwa sababu angefaidi lolote. Mifupa yake ilikuwa ahadi iliyowekwa mahali ambapo watu wangeiona. Miaka yote ya utumwa lilikuwako jeneza Misri lisilozikwa, likisema kwamba Mungu atawajilia watu wake na hapa si kwao. Kisha usiku ule wa kutoka, watu walipokuwa wakikimbilia unga usiochachwa na vyombo vya fedha, Musa alikumbuka jeneza. Likazunguka nalo jangwani miaka 40. Walioliinua kila asubuhi na kulishusha kila jioni Biblia haiwataji majina. Wengi wao walikufa jangwani, na mzigo ukapita kwa watoto wao.

Mwili wa Livingstone ulifika Bagamoyo Februari 1874, baada ya miezi tisa na zaidi ya kilomita 1,500. Ulipopelekwa Uingereza ilibidi uthibitishwe, kwa kuwa uso haukutambulika tena. Daktari aliyeuchunguza aliangalia mfupa wa mkono wa kushoto, karibu na bega. Pale palikuwa na alama ya mvunjiko wa zamani: Livingstone aliumwa na simba mwaka 1844. Mfupa ule ndio uliothibitisha kwamba wapagazi wamesema kweli.

Soma 1 Wathesalonike 4:13–18. Mungu hahitaji mfupa ili kumtambua aliye wake. Lakini wanaongoja ufufuo hawadharau miili ya waliolala, wala neno waliloahidi kwa waliolala. Je, kuna ahadi mliyompa mtu ambaye sasa hawezi kuwauliza imefikia wapi?

IJUMAA
Jifunze Zaidi

Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa Westminster Abbey. Kati ya wote waliombeba, ni Jacob Wainwright peke yake aliyekuwapo kaburini. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baadaye, mazishi yakiwa yamepita, wakasaidia kueleza yaliyokuwa katika shajara. Wengine walilipwa ujira wao pwani na kutawanyika. Chama cha Kijiografia cha Uingereza kiliagiza medali za fedha kwa ajili yao, lakini zilipofika wengi walikuwa wamekwisha kwenda safari nyingine, na hawakuzipata.

Chuma aliendelea kuongoza misafara. Mwaka 1879 na 1880 alikuwa mkuu wa wapagazi wa Joseph Thomson hadi maziwa makuu, na wakati wa kurudi wakapita tena Tabora. Alifariki Unguja mwaka 1882.

Susi alikuwa Mwislamu miaka yote aliyomtumikia Livingstone, na alikuwa Mwislamu alipoubeba mwili wake. Mwaka 1886, miaka 13 baada ya asubuhi ile ya Chitambo, alibatizwa Unguja. Jina alilochukua ni David.

Jacob alirudi bara. Alifariki mwaka 1892 Urambo, magharibi ya Tabora, kwenye kituo cha misheni, kando ya njia ileile aliyoipita na mzigo.

Maswali ya Kujadili

1. Livingstone alihubiri miaka mingi na watu wachache waliongoka kwa mkono wake. Susi alibatizwa alipokuwa bwana wake amekwisha kufa. Mnapopima kazi ya kiongozi wa kanisa mwishoni mwa mwaka, mnahesabu nini? Kuna nini ambacho ripoti haiwezi kuonyesha?

2. Susi na Chuma walikataa ushauri wa Cameron, lakini walitaka masanduku yafunguliwe mbele ya wote. Ni lini kukataa shauri la aliye juu ni uaminifu, na ni lini ni kiburi? Tumieni Matendo 5:29 pamoja na Waebrania 13:17.

3. Rudini kwenye hila ya Kasekera. Kama ungalikuwa mmoja wa wale sita waliobeba mabua, ungalifanya nini? Wale wanaosema “ningekataa” waeleze pia mwili ungepitaje.

4. Neno hongo lilikuwa jina la ushuru ambao misafara ililipa kwa watemi ili kupita. Leo lina maana nyingine. Wanapokwama mahali ambapo neno la “kitu kidogo” linaanza kusemwa, viongozi wa kanisa lenu hufanya nini? Tajeni mfano bila kutaja jina la mtu wala la ofisi.

5. Wapagazi wengi walioubeba mwili ule hawakupata medali. Wako nani katika kusanyiko lenu wanaobeba mzigo wa namna hiyo: wanaofungua kanisa mapema, wanaoosha vyombo vya Meza ya Bwana, wanaokaa na wagonjwa usiku? Kabla ya kufunga darasa, andikeni majina yao, na mkubaliane nani atakwenda kuwatembelea juma hili.